Ubeti Ambao Haukuimbwa

Mtunzi alikuwa akiandika muziki wake kuanzia mwisho. Watunzi wengine sijui hufanyaje, sijapata kukaa na mwengine. Yeye alisimama mbele ya meza yenye miguu mirefu, kipande cha penseli nyuma ya sikio kama seremala, na kitu cha kwanza alichokitafuta ni sauti ya kufungia. Akishaipata hujiuliza watu wamefikaje pale, kisha hurudi nyuma polepole, wiki baada ya wiki, mpaka afike mahali ambapo hakuna jambo lililokwisha kutokea. Hapo huandika jina la kazi juu ya ukurasa.

Nilimfahamu katika mwaka ambao alikuwa amebakiwa na sikio moja.

Tulikutana maktaba ya Stratford, mtaani kwetu huku Uingereza, Jumamosi moja ya mvua. Sisi vijana tunaoandika tulikuwa na kawaida ya kusomeana pale, wachache, makoti yetu yakitoa mvuke juu ya hita. Siku ile nilisoma shairi la Kiswahili bila ya kulifasiri, kwa sababu nilikuwa nimechoka kufasiri. Nilipomaliza akanijia bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, vifungo vya koti lake la mvua vimekosea matundu, akageuza uso wake pembeni huku nikimsalimia. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananipa sikio linalofanya kazi.

"Soma tena," alisema kwa Kiingereza. "Polepole. Na usinambie maana yake."

Nikasoma. Alifumba macho mpaka nikamaliza.

"Maneno yenu yote yanaishia kwa kinywa wazi," alisema. "Sisi kwetu kila neno linafunga mlango. Mwimbaji wako anaweza kusimama mlangoni mpaka pumzi zimwishe."

Akaniomba nimwandikie maneno ya kuimbwa: sauti moja ya mwanamke na okestra ndogo ya fidla. Niliitikia kabla sijajua nitaandika nini. Nilipofika nyumbani nikajua kwamba sina kitu kingine cha kuandika ila kifo cha kaka yangu.

Kaka alikuwa mkubwa wangu. Mapafu yake yaliharibika akiwa bado kijana, akalazwa katika hospitali ile ile ambayo mama yetu alikuwa mfanyakazi wa jikoni. Jiko lenyewe liko chini ya ardhi, chini ya mabomba, hakuna dirisha. Chakula hupanda juu kwa lifti kikiwa kwenye trei, kila trei imebandikwa jina la mgonjwa, na baadaye trei hurudi chini kwa lifti ile ile kuoshwa. Kwa hiyo mama alimpikia mwanawe bila ya kumwona, na kwa trei zilizorudi akajua anaendeleaje. Mwanzo zilirudi tupu. Kisha zikarudi nusu. Mama alikuwa akipanda wodini baada ya zamu, na aproni yake, akimwambia, "Leo umeacha viazi," na kaka akicheka kwa taabu: "Mama, hata humu umeniwekea polisi?"

Alipokufa, matanga yaliwekwa nyumbani kwetu, ghorofa ya sita, wanawake wamejaa mpaka jikoni. Kila aliyeingia mama alimweleza maneno yale yale, kwamba mwisho kaka alimwita, akapanda, akamshika mkono mpaka pumzi ikatoka. Nilikuwa nagawa kahawa, nikayasikia mara nyingi hata nikayahifadhi. Katika mashairi niliyompa mtunzi, hayo ndiyo yaliyokuwa ubeti wa mwisho.

Na kwa kuwa alianza na mwisho, ubeti ule ndio alioushughulikia kwanza.

Nilikwenda kwake Lewisham kila Jumanne kwa ile treni isiyo na dereva, nikibadilisha treni kituo cha Canary Wharf katikati ya watu wa mabenki, kisha tunapita chini ya mto. Nyumba yake ilikuwa baridi. Alitia moto chumba kimoja tu, cha kazi, na kwenye ngazi nilivaa koti. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande wake wa kushoto na kusoma. Nikisoma mstari, yeye anaandika alama zake, anafuta, anapuliza vumbi la mpira. "Tena." Nasoma. "Tena, lakini usihuzunike. Huzuni nitaitia mimi."

Baina ya kusoma na kusoma alinisimulia maisha yake vipande vipande, na hayo nayo aliyaanzia mwisho. Kwanza mume aliyekufa. Kisha miaka ya kufundisha chuoni na wanafunzi waliomwogopa. Kisha opera yake juu ya mwanamke mlinzi wa mnara wa taa, iliyochezwa mara tatu ikafungwa, na ambayo bado alikuwa akiiota. Kisha kazi ya chelo, zile fidla kubwa zinazobanwa kwa magoti, ambayo hupigwa hapa na pale hadi leo na ambayo yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kuivumilia. Mwisho wa yote, yaani mwanzo, mji wa kaskazini wenye moshi wa viwanda, baba fundi viatu aliyepiga kinanda cha kanisani siku za Jumapili, na binti aliyejificha nyuma ya kinanda kile akitazama viatu vya baba vikitembea juu ya mbao zake za kukanyagia. Kazi yake ya kwanza kupigwa mbele ya watu aliiandikia mazishi ya baba huyo. Waumini walinung'unika kwamba haina wimbo.

"Walisema kweli," aliniambia. "Sikuwa na wimbo. Baba alikuwa amekufa."

Sikio la kulia lilikuwa limekwisha zamani. La kushoto lilikuwa na mlio, birika linalochemka chumba cha pili, ndivyo alivyoueleza, na mlio ulikuwa ukipanda. Daktari alishamwambia kwamba utafika wakati hakutakuwa na kingine ila huo, ila hakuweza kumtajia lini. Ndiyo maana aliharakisha. Alitaka kuisikia kazi hii nzima, mara moja, ikiimbwa kama alivyoiandika, kabla birika halijamshinda. Alinambia hivyo waziwazi, akichonga penseli, kama mtu anayekueleza treni yake inaondoka saa ngapi.

Ubeti wa mwisho hakuupa fidla hata moja. Sauti peke yake, chini, karibu na mazungumzo.

"Fidla ni watu wa kumshika mkono," alisema. "Hapa hana mtu."

Aliponiomba hatimaye nimfasirie, nikamweleza habari ya jiko na trei, niliona ameweka penseli chini. Nikangoja anipe pole. Akaniuliza, "Ile trei iliyorudi, ilitoa mlio gani ilipowekwa mezani?"

Sikujua. Jioni nikamuuliza mama.

"Mlio gani?" mama akasema. "Trei za plastiki zile, zinanyamaza tu. Huyo bibi yako ana nini?"

Jumanne iliyofuata nikamwambia mtunzi, naye akachukua mpira akafuta kitu kidogo alichokiandikia ngoma, kiguso kimoja. Palipofutwa hakuandika tena.

Mazoezi yalifanywa katika ukumbi wa kanisa karibu na mto. Mtunzi alikaa mbele, kitini pembeni kabisa, sikio la kushoto limeelekea mahali pa mwimbaji. Lakini waimbaji wa muziki wa aina ile mazoezini hawaimbi kwa sauti yote. Huiweka akiba, hunong'ona, huonyesha tu mahali. Kiongozi wa okestra naye alisimamisha kila baada ya dakika chache, fidla ya pili irudie, chelo wapunguze. Mtunzi aliona midomo ikifunguka na hakupata kitu. Ubeti wa mwisho mwimbaji hata hakuutamka. Alihesabu mapigo kwa kidole, akatabasamu.

"Siku yenyewe utaupata wote," alimwambia, akiinama kwenye sikio lile.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, alasiri, mwisho wa Novemba. Nilimwalika mama, na mama akamwalika shoga yake, jirani yetu wa ghorofa ya nne, wamekuja Uingereza katika mwaka ule ule kutoka Unguja na hawajaacha kutaniana tangu hapo. Ndani ya treni nikawapa masharti.

"Hayapigwi makofi mpaka mwisho kabisa. Wakinyamaza katikati, nanyi mnanyamaza."

"Na nikipaliwa?" shoga akauliza.

"Ujizuie."

"Nife kwa ajili ya Mzungu anapiga fidla! Huo muziki mwanangu, au mtihani?"

"Simu mzime. Mkoba msifungue, zipu yake inasikika."

"Mwanao huyu," shoga akamwambia mama, "kesho atatukataza na kupumua."

Mama hakucheka sana. Alikuwa amevaa buibui jipya na kujifukiza udi, na mkoba wake mdogo ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa anajua kwamba maneno ni ya mwanawe, ingawa sikuwahi kumsomea hata mstari mmoja. Alikataa mwenyewe. "Nitayasikia huko huko," alisema.

Nilidhani nimewakataza kila kitu. Nilikumbuka makofi, simu, kikohozi, peremende, kwa kuwa hivyo ndivyo Waingereza wenyewe wanavyokumbushana. Jambo la kutunza halikunijia. Mimi nimezaliwa hapa, tarabu naijua kwa harusi chache za kumbi za kukodi. Mama ameijua toka utotoni, na kwa mama nyimbo husikilizwa kwa namna moja. Maneno ya mwimbaji yakikugusa wewe, yakiwa ni yako, unainuka. Unakwenda mbele taratibu, pesa mkononi, watu wote wakuone, unamtunza mwimbaji, unarudi kitini. Si kumkatiza. Ni kumjibu. Kukaa kimya wakati umetajwa wewe ndiyo utovu wa adabu.

Ukumbi ulikuwa umejaa wastani, watu wa makoti mazito. Wakapiga kwanza kazi za watu wengine, wafu. Kisha mwimbaji akaingia na gauni la rangi ya moshi, fidla zikaanza chini sana, na mtunzi, mbele kule pembeni, akageuza shingo yake mpaka nikaona mfupa wa taya.

Alikuwa amejifunza vizuri yule mwimbaji. Miezi miwili nilimfundisha kutamka. Shoga akaniinamia: "Mashallah, anasema kuliko wanangu. Wanangu mie wangemjibu Kiingereza." Nikamfinya. Akanyamaza. Beti zikapita moja moja, lifti, mabomba, jiko lisilo na dirisha, na fidla zikawa zinapungua, moja inaacha, nyengine inaacha, kama alivyozipanga huyu aliyekuwa ameujua mwisho kabla ya yote. Ukafika ubeti wa kabla ya mwisho.

*Sinia limerudi, supu haijaguswa,*
*kijiko kikavu, mkate mzima.*
*Nimejua ni lako kabla sijasoma*
*jina lililobandikwa.*

Chelo ya mwisho ikashika sauti moja, ikaifuata hadi ikafifia. Ukimya. Ndani ya ukimya ule nikasikia zipu.

Mama alikuwa amesimama. Nilinyoosha mkono, nikashika hewa. Alikwisha toka kwenye mstari wetu, anakwenda njia ya katikati kwa ule mwendo wao, si haraka, bega limelegea, pesa ameishika juu kidogo kwa vidole viwili, uso umelowa na haufichi. Sijapata kumwona mama yangu ametulia namna ile tangu msiba. Viatu vyake vilisikika ukumbi mzima. Mwimbaji alikuwa ameshavuta pumzi ya ubeti wa mwisho, akamwona, akaishikilia.

Mhudumu wa ukumbi, msichana mwenye beji, akatokea ukutani akamshika mama mkono.

"Niache!" mama akasema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida, ambayo mle ndani ilikuwa kama kuvunjika kwa sahani. "Niache nimtunze!"

Wakasimama pale wote wawili, mbele ya safu ya kwanza, mama hataki kurudi na msichana hajui kuvuta. Walisimama baina ya mtunzi na mwimbaji. Mwimbaji akaitoa ile pumzi bila ya sauti. Kiongozi wa okestra akashusha mikono yake kidogo, labda ili afikiri la kufanya. Na watu waliokuwa nyuma, ambao hawajapata kusikia kazi ile na hawana njia ya kujua inaishia wapi, wakaona mikono imeshuka, wakaona aibu inayotaka kufunikwa, wakapiga makofi. Mmoja, kisha safu, kisha ukumbi. Walipiga kwa nguvu, kwa huruma. Mwimbaji akainama. Angefanya nini?

Mama akampa pesa yake. Mwimbaji akaipokea kwa mikono miwili.

Nilimkuta mtunzi kwenye chumba cha kuvalia, amekaa chini ya makoti yaliyotundikwa, mikono mapajani. Aliponiona alinishika kifundo cha mkono akaniweka upande wa kushoto.

"Niambie kweli," alisema. "Umeimbwa?"

Sikuelewa mara moja.

"Ubeti. Nilimwona mama yako, sikumwona mwimbaji. Kisha watu wakapiga makofi. Sikusikia kitu. Umeimbwa nami sikuusikia?"

Alikuwa amekaa pale dakika zote zile akidhani sikio lake limekufa katika ukimya ule ule.

"Haukuimbwa," nilimwambia. "Walidhani kazi imekwisha."

Nafuu ilimjia usoni, nikaiona. Haikukaa. Baada yake kikaja kitu kingine, akaniachia mkono.

Mwimbaji alikuwa mlangoni, bado na gauni lake. "Nitakuimbia sasa hivi," alisema, akipaza sauti. "Hapa hapa. Kaa hivyo hivyo."

"Hapana."

"Ni dakika tatu tu."

"Chini ya makoti ya watu?" mtunzi akasema. "Bila ya kile kilichotangulia? Nimetumia mwaka kujenga njia ya kufika pale. Hapana. Wataipiga tena majira ya kuchipua, wameahidi. Nitausikia mahali pake."

Mwimbaji alijaribu tena siku ya pili kabla ya kusafiri kwa kazi zake, alimwendea mpaka Lewisham. Akapata jibu lile lile.

Kabla ya mwaka mpya mlio ulijaa. Aliamka asubuhi moja, alinieleza baadaye, akafungua bomba la maji na maji yakatoka kama kwenye picha.

Huku kwetu habari ile ilitembea kwa njia nyengine. Shoga hakuwa na ubaya, ila hakuweza kuinyamazia. Sokoni Stratford wanawake walimsimamisha mama: "Wewe ndiye uliyemtunza Mzungu kanisani?" wakicheka, wakimpiga begani. Mama alicheka nao. Nyumbani alilivua lile buibui jipya akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku. Niliposema kwamba nimepata barua pepe, kwamba sikio la mtunzi limekwisha na kwamba ubeti hakuusikia, mama aliuliza maswali machache, hasa juu ya lile la chumba cha kuvalia. Nililazimika kumweleza mara mbili.

"Nipeleke," alisema.

Tulikwenda Februari, mchana. Mtunzi mwenyewe alifungua mlango. Amekonda. Chumba cha kazi kilikuwa kimepangwa, jambo ambalo sikupata kuliona, na piano imefunikwa shuka. Kwenye kochi palikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu yake, wa kuandikiwa, kwa sababu midomo alikuwa hajazoea kuisoma. Akanipa mimi ubao, akakaa mbele yetu. Mama alikataa chai.

"Mwambie nimekuja kutaka radhi," mama alisema. Kiingereza anakijua, miaka yote ile ya hospitali, lakini siku ile hakukitumia.

Nikaandika. Mtunzi akasoma, akamtazama mama, si mimi.

"Nimejaribu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza vipimo, ikipanda pasipo sababu. "Najua hukukusudia mabaya. Wamenieleza desturi yenu, nzuri sana. Nimejaribu kukusamehe na bado sijaweza. Sitaki kukwambia uwongo nyumbani kwangu."

Nikamgeukia mama nimfasirie.

"Usinifasirie," mama akasema. "Nimemfahamu. Sasa na yeye muulize. Mwimbaji alimwambia naimba sasa hivi, akakataa. Akafuatwa hapa hapa, akakataa. Hilo pia nimemkataza mie?"

"Mama."

"Andika."

Nikaandika, nikapunguza ukali. Mtunzi alinitazama mkono, akatambua kwamba nimepunguza.

"Anauliza kwa nini nilikataa," alisema. "Mwambie kiburi. Nilidhani wakati upo." Akaitazama piano. "Watu wananiambia, lakini wewe si unaweza kusoma karatasi ukausikia kichwani? Wanapenda sana kuniambia hivyo. Kichwani mna birika. Si sauti ya mwanamke wala ya mtu yeyote, ni birika, usiku na mchana."

Mama alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanigeukia.

"Ubeti wenyewe unasemaje?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata yeye hakuusikia. Kati ya wote waliokuwemo mle siku ile, ni mimi, mwimbaji na mtunzi tu tuliojua maneno yaliyokuwa yanakuja.

Nikausoma kwa moyo. Mtunzi aliona midomo yangu, akaona nimekaa vipi, akajua. Aliinuka akachukua karatasi zake mezani, akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye alama ya kwanza, akaanza kukisogeza. Mimi nilisoma kama mtu anavyosoma. Yeye alikwenda kwa mwendo wa wimbo. Nilimaliza mwana alivyomwita mama, mama alivyopanda, mkono ndani ya mkono, na kidole chake bado kilikuwa katikati ya ukurasa, kinakwenda.

Mama hakulia.

"Ile ya sinia ilikuwa kweli," alisema, "ndiyo nikainuka. Kwa hii ningekaa kitini."

Kidole kilifika mwisho. Mtunzi akainua macho. "Amesema nini?"

Ningeweza kuandika kitu kingine. Nilimtazama mama, naye alinitazama tu, akingoja aone. Nikaandika alivyosema. Mtunzi alisoma kwa muda mrefu, kisha akaziweka karatasi sakafuni, kando ya kiti.

"Basi ilikuwaje?" alimuuliza mama.

Mama alifungua mtandio shingoni, akaufunga tena.

"Hakuniita," mama alisema. "Matangani mie ndiye niliyewaambia hivyo, na nani angeuliza? Siku ile nilipanda kabla ya zamu kwisha, kwa sababu ya ile trei. Nesi akanizuia mlangoni. Akasema, mwanao hataki uingie, hataki umwone na ile barakoa ya hewa usoni. Nikamwambia, mie mamake. Akasema, ndivyo alivyosema mwenyewe, nisamehe. Nesi mtoto mdogo, ningemsukuma. Mlango haukufungwa hata kwa kitasa."

Nilikuwa naandika. Ubao ulikuwa mdogo. Kila baada ya sentensi mbili ilinibidi nifute kwa mkono wa sweta ili nipate pa kuandika nyengine, na mtunzi aliinama karibu mpaka nywele zake zikanigusa, akisoma haraka kabla sijafuta. Mama hakutungoja.

"Nikatii," alisema. "Sijui kwa nini nilitii. Nimezoea kutii kule, labda ndiyo hiyo. Nikarudi chini. Wenzangu wakaniuliza vipi, nikasema amelala. Nikavaa glavu, zimetoboka, nikazivua. Nikaosha trei za wodi nzima, na yake nikaiosha. Nilikuwa nasema moyoni, nikimaliza hizi napanda, na safari hii naingia."

"Taratibu," nilimwambia. Mtunzi alinipiga goti kwa kidole nisiache kuandika.

"Simu ya jikoni ikalia," mama alisema, "na mie mikono ina sabuni."

Nikafuta, nikaandika hivyo.